Vipele kwenye Mplamu wa Mama

Bukavu nilikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo mwenye diploma. Hapa Louisville ninafunga maboksi kwenye ghala moja la Jeffersontown, lakini ndani ya kundi la WhatsApp la ukoo wetu cheo changu hakijashuka hata kidogo. Mama mwenyewe ananiita Agronome. Mtu akiitwa hivyo na mama yake, neno "sijui" linamkwama kooni.

Mwezi wa tano Mama alituma picha kutoka Buffalo. Majani ya mplamu wake, ule wa nyuma ya nyumba pale East Side, yalikuwa yameota vipele vidogo vyekundu pembeni. Mti ule ndio kitu pekee alichokisifu tangu afike Amerika. Baridi, mkate, hata wajukuu, vyote alivitoa kasoro.

"Agronome, mwana wangu, hii muti yangu iko na ugonjwa gani? Itakufa?"

Nilikuwa kwenye mapumziko ya dakika kumi na tano, sambusa mkononi. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikajibu: "Ni maladi mubaya, Mama. Itaambukiza miti ya majirani. Bon, muikate tu." Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo debe lilikuwa na intaneti. Kundi zima likanimwagia vidole gumba. Kaka yangu wa Columbus, ambaye hajawahi kubishana na diploma, akaendesha gari kwa saa tano na msumeno kwenye buti.

Mimi nilifika kesho yake, kumpa Mama pole.

Matawi yalikuwa yamelala uani, majani yakianza kunyauka. Nikatoa lenzi yangu ya Bukavu, niliyoivusha mipaka mitatu bila kuitumia. Nilisugua kipele kwa kidole, hakikutoka. Basi hayakuwa mayai ya mdudu. Nikakipasua kwa ukucha. Ndani mlijaa utitiri, vijidudu vyeupe ambavyo bila lenzi huvioni. Jani lenyewe huwaotea vijumba hivyo, wao hukaa humo, na mti huendelea kuzaa miaka na miaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Hata mimi nilijua.

Mama akatoka na sahani ya plamu alizokausha mwaka jana, za mwisho.

"Kula, Agronome. Bila wewe tungeua miti ya batu."

Lenzi ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikula zote, nikamwambia asante.