Chama cha Baba, Chama cha Kaka

Baba alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama tawala kijijini kwetu, Ushetu. Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, alijiunga na upinzani mwaka ule tumbaku yetu ilipokosa mnunuzi ikaoza ndani ya bani tulimoikaushia. Tangu hapo kula pamoja kukawa vita.

"Nani kaleta umeme hapa?" Baba aliuliza, tonge mkononi. "Nani kajenga shule? Hao wenzako wamewahi kuendesha hata kioski?"

"Umeme umulike nini, baba? Tumbaku iliyooza? Dhahabu inatoka hapo jirani, na sisi bado tunachota maji pamoja na ng'ombe."

"Mkipewa nchi nyie, mtauza hata hizo nguzo!"

Mama aliondoa bakuli la mboga kabla halijamwagika.

Siku moja Baba alimwambia Kaka kwamba kama serikali ni mbaya kiasi hicho, asilale chini ya bati la mtu wa serikali. Kaka aliondoka siku ile ile. Alikwenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu, akapata kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Aliporudi miaka minne baadaye, alikuwa hafiki chooni bila kupumzika njiani. Tulimpeleka hospitali, jengo jipya lenye vigae vinavyong'aa, tukakaa siku mbili. Mashine ya kupiga picha ilikuwepo. Wa kuiendesha hakuwepo. Tukaenda Shinyanga mjini. Daktari wa huko alituambia mapafu yamejaa vumbi la mawe, na vumbi hilo halitoki.

Nilingoja waanze. Baba angeweza kutaja jengo, na Kaka angeweza kutaja mashine. Badala yake, Baba alimwinua Kaka, akamwegemeza kifuani, akamnywesha uji kwa kijiko.

"Ng'wanawane," alimwambia kwa Kisukuma, "kidogo tu, mwanangu."

Kaka alifariki kabla ya mvua za kwanza. Msibani walikuja viongozi wa vyama vyote viwili, na sare zao. Mmoja alianza kueleza, mbele ya jeneza, ni chama gani kimewajali zaidi wachimbaji. Wa upande wa pili akainuka kumjibu. Baba akasimama katikati yao.

"Kaeni chini," alisema. "Nazika mtoto."

Wakakaa.

Wiki iliyofuata nilikwenda machimboni kuchukua nguo za Kaka. Karasha lilikuwa linanguruma, na wanaume waliolizunguka walikuwa weupe kwa vumbi mpaka kope. Nilimwambia mwenzake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja ni nini kilichomuua.

"Tunajua, dada," alisema.

Akanipa mashati mawili na jozi ya viatu. Kisha akafunga upya kitambaa puani, akarudi kazini.