Lenzi Moja ya Jiko na Mlima

Lucimar Quintão alichukua miezi minne kuchagua lenzi. Kuchagua mume kulimchukua wiki mbili tu, akiwa na miaka ishirini na minne, na matokeo yake yalijulikana mji mzima wa Serro. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba anachelewa, alijibu kuwa uzoefu umemfunza.

Lucimar alikuwa mpiga picha. Alipiga picha vyumba vya nyumba za wageni na milima inayouzunguka mji, na lenzi aliyokuwa nayo ilikuwa ileile iliyokuja na kamera. Katika chumba kidogo lenzi hiyo ilionyesha nusu ya kitanda na mto mmoja. Ili kitanda kiingie chote ilibidi arudi nyuma, na nyuma siku zote palikuwa na ukuta. Aliwahi kupiga picha akiwa amekaa juu ya sinki. Aliwahi kupiga picha akiwa ndani ya kabati la nguo, na mwenye nyumba, mama msafi asiyevumilia milango iliyo wazi, akapita na kulifunga. Lucimar alisimama gizani kati ya makoti, akaikumbuka shahada yake ya sanaa, akagonga taratibu ili afunguliwe.

Basi kwamba alihitaji lenzi pana, hakuna aliyebisha. Tatizo lilikuwa hiyo miezi minne.

Mama yake, Dona Efigênia, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Lucimar na mdogo wake Adilson walikubaliana kuiuza nyumba aliyoiacha. Waligawana kazi. Adilson, anayetengeneza jibini huko mashambani na ana mikono ya kazi, angerekebisha vigae na kupaka rangi. Lucimar angepiga picha za kuwekea tangazo. Adilson alimaliza paa, akapaka milango rangi ya buluu, akafyeka nyasi. Nyasi zikaota tena, akafyeka tena. Dada yake alikuwa bado anachagua.

Alisoma kila kitu. Alijiunga na kundi la mtandaoni la wanaume wanaopiga picha kuta za matofali ili kuona kama pembe za picha zinapinda. Yeye naye alipiga ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama yake, asubuhi, adhuhuri na alasiri, mpaka ukuta ule ukawa umepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi yeyote wa wilaya ile. Wala haukupendeza.

"Dada," Adilson alimwambia siku moja, akiwa na ndoo ya rangi mkononi, "mama ana mwaka kaburini, na wewe bado unachagua kioo."

"Si kioo. Ni lenzi."

"Ndani yake kuna nini?"

"Vioo."

"Haya basi." Akaweka ndoo chini. "Chukua simu yangu, piga picha tano, twende tukanywe kahawa."

"Simu haiwezi kuchukua jiko na Itambé kwa pamoja."

Itambé ndio mlima unaoonekana kwenye dirisha la jiko la mama yao, na mbele ya dirisha hilo kuna benchi ambalo Dona Efigênia alilikalia miaka hamsini, akichambua maharage. Tangu msiba, Lucimar hakuwa amelikalia. Alipoingia jikoni alichemsha maji akiwa amesimama, akanywa akiwa amesimama, akatoka.

"Nani kakwambia picha moja ichukue vyote?" Adilson aliuliza.

Mwishowe Lucimar alikwenda mji mkubwa wa Belo Horizonte, kwa Seu Waldir, muuzaji wa kamera zilizotumika, mwenye duka ghorofa ya pili lenye upana wa kitanda cha mtu mmoja. Ni mtu mnene, mpole, asiyetoa jibu kabla ya kuuliza maswali matatu.

"Unapiga nini?"

"Ndani na nje."

"Ndani ya wapi?"

"Jiko."

"Kubwa kiasi gani?"

Lucimar alinyoosha mikono, mmoja ukagusa rafu za kamera, mwingine ukagusa dirisha. "Kama hapa. Kasoro wewe."

"Na huko nje?"

"Mlima."

"Usiniambie unavitaka kwenye picha moja."

Lucimar akajitia kusafisha miwani. Seu Waldir alicheka kimyakimya, tumbo likatikisika, kisha akaweka lenzi mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ya milimita kumi, iliyo pana zaidi, nyingine ya kumi na sita. Lucimar alianza na ile ya kumi, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akapiga. Duka likawa ukumbi wa dansi. Seu Waldir, aliyekuwa pembeni mwa picha, alivutika mpaka tumbo lake likawa na urefu wa kochi.

"Hivyo ndivyo mke wangu anavyoniona," alisema alipoonyeshwa.

Kisha Lucimar aliielekeza nje, kwenye safu ya milima iliyoinuka nyuma ya maghorofa. Alitazama kwenye kioo cha kamera, akakikaribia zaidi, akavua miwani, akavaa tena. Mlima wote ulikuwa umekuwa kama mkunjo wa shuka.

Kwa ile ya kumi na sita duka lilirudi kuwa duka na tumbo likarudi kuwa tumbo. Mlima nao uliongezeka kidogo, lakini rafu za upande mmoja hazikuingia.

"Wauza nyumba wote wananunua ya kumi," Seu Waldir alisema. "Wanaonirudishia pia ni haohao."

Mtu mwenye akili angechukua ya kumi na sita. Lucimar alikuwa na daftari zima la sababu za kuchukua ya kumi na sita, zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Akanunua ya kumi. Kwenye basi alijieleza kwamba ni kwa ajili ya nyumba, ionekane kubwa, Adilson afurahi. Alijieleza kwa saa tano, na alipofika Serro alikuwa bado hajashawishika.

Picha zilitoka vizuri mno. Sebule ya Dona Efigênia, ambayo padri mwenyewe alikaa humo magoti yakigusana na ya mwenyeji, ilionekana kama ya askofu mkuu. Vyumba viwili vikawa vya kifalme. Ua ukawa malisho ya ng'ombe. Jiko hakulipiga. Alisema kwamba jiko la mtu halionyeshwi kwa watu ambao hawajapiga hodi, na kwa kuwa kauli hiyo ilifanana na ambayo mama yao angeitoa, Adilson aliinyamazia.

Wiki ya pili akaja mnunuzi, Dona Rosângela, muuguzi mstaafu wa Belo Horizonte, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kutembelea milimani. Aliingia sebuleni, akapiga hatua nne, akakuta ukuta. Akageuka, akapiga nne nyingine.

"Kwenye picha," alisema kwa upole, "nilidhani nitahitaji makochi mawili."

"Ni lenzi," Lucimar alisema.

"Aa."

Lucimar alimkalisha palepale sebuleni. Alimletea kahawa kwenye vikombe vyembamba vyenye ukingo wa dhahabu, na vimkate vya jibini kwenye sahani ya kioo, na kitambaa kilichotariziwa. Mlango wa jikoni aliufunga kila alipopita, kwa kisigino. Dona Rosângela alikunywa akiwa amekaa wima, akasifu kahawa, akasifu kitambaa, akatazama mara moja kule mlangoni, kisha akasema atakwenda kuona. Pande zile mtu hakwambii hapana usoni. Akisema atakwenda kuona, ameshaona.

Adilson alifika jioni akakuta vikombe vya dhahabu vikikaushwa.

"Hivi vimetolewa kabatini kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya yule mama anayetaka nyumba."

"Umempa kahawa sebuleni?"

"Ni mgeni, Adilson."

"Mgeni." Adilson alivuta kiti. "Mtu anataka kuishi humu ndani, wewe unamkalisha pale tulipomlaza mama kwenye jeneza, na vikombe vya askofu. Hata mkusanyaji wa kodi mama alimpeleka jikoni. Yule mwizi wa kuku, mama alimpa supu, wapi?"

"Jikoni."

"Enhe."

"Jiko lilikuwa halijafagiwa."

"Usinifanye mtoto. Hukutaka alione."

Lucimar alianza kueleza habari za mwanga, kwamba saa ile jua huingia vibaya, kwamba laiti angekuwa na ile ya kumi na sita. Alijisikia mwenyewe akiongea. Aliwahi kuwasikia watu wakiongea hivyo, walevi hasa. Akachukua kikombe kilichokwisha kukauka, akakikausha tena.

"Kama hutaki tuuze, sema hutaki," Adilson alisema, sauti imeshuka. "Mimi mwenyewe kila nikipaka rangi mlango naongea naye humu ndani. Lakini paa litavuja tena, dada, na mimi na wewe hakuna anayelala humu. Unataka ianguke taratibu?"

Akaondoka bila kahawa, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

Asubuhi Lucimar alimpigia simu Seu Waldir. Alisema lenzi ina kasoro. Inadanganya.

"Mlima?"

"Kama punje ya dengu."

"Ulisimama wapi ulipopiga?"

"Kwenye kona ya ua. Mgongo ukutani."

Upande wa pili Seu Waldir alipumua. "Binti yangu, wewe unarudi nyuma. Hiyo haitaki mtu arudi nyuma, hata hapa dukani nilikuona, nikasema nisimfundishe mtu aliyesoma. Hiyo unasogea nayo. Unasogea mpaka uone haya. Ukiona haya, sogea tena kidogo."

"Miaka kumi na tisa ya kupiga picha narudi nyuma."

"Ndiyo maana."

Lucimar alikata simu akaenda kwenye nyumba ya mama yake. Jikoni kulikuwa na majivu mekoni, na vumbi juu ya benchi. Alipiga kutoka mlangoni, kwa mazoea. Meko ikatoka ndefu kama basi, na dirisha likawa stempu. Akasogea hatua moja. Akasogea ya pili. Hatua ya tatu ilikuwa na benchi.

Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyomstahili mwanamke wa miaka arobaini na saba mbele ya kipande cha mbao. Alilipangusa kwa kiganja. Kisha akakaa, kwa uangalifu, ukingoni, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha daktari. Halafu akakaa vizuri.

Mbao ilikuwa na bonde. Miaka hamsini ya maharage ilikuwa imelichimba, na bonde lile lilimkaa sawasawa, kitu ambacho hakukitarajia wala hakikumfurahisha sana, kwani siku zote alijihesabu kuwa ana nyonga za upande wa baba. Akaiinua kamera. Kutoka hapo dirisha lilijaza karibu picha yote. Chini ulikuwepo ukingo wa meza wenye alama za kisu, upande wa kushoto pembe ya meko, na huko mbele vilima vikifuatana hadi Itambé. Mlima ulikuwa bado mdogo, lakini macho yalikuwa na njia ya kuufikia. Akapiga mara moja, akaitazama. Picha ilikuwa nzuri, na ndipo alipolia, akajicheka katikati ya kulia, kwa sababu alikuwa ameinua kamera juu isilowe.

Jioni alimtumia Dona Rosângela ile picha. Aliandika ujumbe mrefu kuhusu milimita, akaufuta. Akaandika: "Hili ndilo jiko. Sebule ni ndogo kuliko ulivyoiona pichani, ila hilo unalijua. Mlima ni mkubwa kuliko unavyoonekana hapa. Nilikukosea kukunywesha kahawa kule mbele. Njoo tena, tafadhali." Kisha akamtumia Adilson nakala, naye akajibu kwa neno moja tu: "Afadhali."

Dona Rosângela alikuja Jumamosi. Safari hii Lucimar alimpitisha kwa mlango wa uani, kati ya mpera na kamba ya nguo, moja kwa moja jikoni. Adilson alikuwa amewasha kuni na kuleta jibini bichi. Kahawa ilinywewa kwenye vikombe vya bati, kimoja kimebanduka rangi.

Mgeni hakuuliza akae wapi. Aliizunguka meza, akaketi kwenye benchi la dirishani, akaweka kikombe mbele yake. Lucimar aligeuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Hapa pana bonde," Dona Rosângela alisema.

"Ni la mama," Adilson alisema. "Naweza kuiranda mbao, ukitaka."

"Usiiguse."

Nje wingu lilikuwa likipanda ubavu wa Itambé. Dona Rosângela aliutazama mpaka kahawa yake ikapoa, na hakuna aliyemsumbua. Kisha alisema kwamba nyumba ameipenda, na kwamba angependa kuzungumza na wote wawili, kama wako tayari.

Adilson alimtazama dada yake.

Lucimar alifuta mikono kwenye aproni. Akaenda dirishani, akainama juu ya bega la yule mwanamke.

"Komeo la dirisha hili lina ukaidi," alisema. "Ukilisukuma tu, halifunguki, utajichubua vidole. Linyanyue kwanza, hivi, halafu ndiyo usukume." Akalifunga tena. "Jaribu mwenyewe."