Trilobiti Aliyepita kama Kitoweo

Mwaka ule wakimbizi walipofurika Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, nilikuwa karani wa kupakia mizigo kwenye boti zilizowapeleka watu melini. Wanyama hawakuruhusiwa, kwa kuhofia magonjwa. Mawe pia yalikatazwa, kwa sababu akina mama walikuja na mafiga yao kutoka Burundi na boti zikawa zinalemewa.

Akaja mwalimu mstaafu, amekumbatia kitu ndani ya kitenge. Akakifunua. Alikuwa trilobiti, mdudu wa baharini wa zama za kale aliyegeuka jiwe, mgongo wake una pingili kama jongoo. Nilikuwa nimesoma habari zake katika kitabu kisicho na jalada, ila sikuwahi kumwona.

"Nimefundishia huyu maisha yangu yote," alisema mwalimu. "Akibaki, nami nabaki."

Msimamizi wetu, mnunuzi wa dagaa aliyepewa kazi ile kwa muda, akaniuliza, "Karani, nini hiki?"

"Mnyama."

"Wanyama hawapandi."

"Lakini sasa ni jiwe."

"Mawe ndiyo kabisa!"

Nikaeleza kwamba huyu ni wa jamii ya wenye macho makubwa. Mwalimu akakataa: macho yamesagika, jamii yake haijulikani mpaka uhesabu pingili. Tukainama kuhesabu kuanzia mkiani. Mkia ulikuwa umevunjika, kwa hiyo hatukujua tuanzie wapi, tukabishana.

"Nyie wazee!" mama mmoja akapaza sauti kwenye foleni. "Watoto wanaungua jua, mnamtafutia mdudu ukoo?"

Msimamizi akamchukua trilobiti. "Aliishi wapi?"

"Majini," nikasema.

"Amekauka?"

"Sana," alijibu mwalimu.

Msimamizi akamnusa, akamkwaruza kwa ukucha kama anavyokagua dagaa wa kununua. "Hanuki, hana mchanga. Kakaushwa vizuri kuliko dagaa wenu wote hapa. Kitoweo huyu. Pandisha!"

Nikaandika kwa chaki juu ya kitenge: kitoweo. Mwalimu akapanda, nami nikasafiri na mizigo.

Kigoma tulikuta chakula kinagawiwa, maharage na dagaa. Mgawaji akaisoma chaki yangu, akarudisha upawa wa dagaa sufuriani.

"Mzee, wewe una samaki wako. Waachie wenzio."

Nikafungua mdomo kumtetea. Mwalimu akanishika mkono.

"Acha, ndugu yangu, asije akamkagua upya. Ila samaki si sahihi."

Tukakaa juu ya magunia. Akala maharage matupu, trilobiti mapajani, kisha akafuta vidole na kuniambia tuanze tena kuhesabu, safari hii kutoka kichwani.