Kibati cha Babu Kwenye Ubao wa Zimamoto

"Babu, mbona hukumtundikia Tavaris?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukiwa kwenye maegesho ya kituo cha zimamoto, yeye akipapasa mifuko yote kutafuta funguo za gari na huku amezishika mkononi. Alisema tu, "Funga mkanda, Halina," na mimi nilikuwa hata sijaingia garini.

Babu yangu anaitwa Casimir Wojtowicz, ila anayemwita hivyo ni daktari wake wa meno peke yake. Kwa wengine wote ni Caz. Alipeleka barua mtaani kwetu miaka thelathini na miwili, na miaka yote hiyo alikuwa pia zimamoto wa kujitolea. Jumamosi za msimu wa mpira, namaanisha mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kuangushana, alikuwa anaendesha gari kwa muda wa saa tatu, hata nne, kwenda kutazama timu za vyuo. Alienda hata kwenye vyuo ambavyo mashabiki wake ni wazazi na mbwa wawili. Ana madaftari arobaini na moja. Nimeyasoma karibu yote, maana ndani yake kuna vitu ambavyo watangazaji hawavisemi: "Huyu akikosea hutazama viatu vyake." "Huyu humwinua aliyemwangusha." Niliwahi kumuuliza anaonaje yote hayo kutoka mbali, akasema siri ni kuelekeza darubini kwa mtu asiye na mpira.

Sasa, kituoni kuna ubao wenye misumari. Zimamoto akiingia kwenye moto hutundika hapo kibati chenye jina lake, ili walio nje wajue nani yumo ndani. Akitoka, anakichukua. Lakini kila Aprili, siku ambayo timu kubwa zinachagua kwa zamu vijana wa vyuoni, ubao huo huhamishiwa ukumbini. Majina ya vijana huandikwa kwa chaki, na kila mtu hutundika kibati chake chini ya yule anayetaka timu yetu ya nyumbani imchague. Saa kumi na mbili jioni redio ya mji hupiga simu, na Dolores, mwenyekiti wetu, huwatangazia kituo kimeamua nini.

Timu haijawahi kutusikiliza hata siku moja. Hilo tunalijua wote. Ila kwetu kibati ni kibati. Ukikitundika umesema uko ndani pamoja na huyo mtu.

Mwaka ule yalibaki majina mawili. La kwanza lilikuwa la mzuiaji kutoka Iowa, yaani wa kumkinga mrushaji asiangushwe, mwenye shingo kama ndoo. La pili ni Tavaris Pettway, mdakaji, mtoto wa hapahapa, mwana wa Lonnie Pettway. Lonnie na babu walikaa kiti kimoja kwenye gari la zimamoto miaka ishirini. Ghala la rangi lilipoungua, kabla sijazaliwa, Lonnie alitoka nje salama, akatupa jicho ubaoni, akaona kibati cha babu bado kinaning'inia. Akarudi ndani akamburuta babu kwa mikanda ya mtungi wa hewa. Nadhani hakuna watu wawili waliopendana vile mji mzima.

"Tunahitaji mzuiaji!" Rudy, fundi wa mabomba, alikuwa anapiga meza kwa mfupa wa bawa la kuku. "Mrushaji wetu anaangushwa kila dakika, jamani! Mdakaji atadaka nini, hewa?"

"Wewe Rudy, mwaka jana ulimtaka yule mpiga mateke," Dolores akamkata. "Yuko wapi leo? Anauza magodoro!"

"Magodoro mazuri lakini," mtu akasema, na watu wakacheka. Lonnie hakucheka. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

Vibati vikaenda, kimoja kimoja. Sita kwa sita. Zilibaki dakika nne, na kibati kimoja, cha babu. Babu hutundika wa mwisho siku zote kwa sababu ya madaftari. Niliwaangalia watu wote kumi na wawili wakimwangalia, na mimi nilidhani jibu ninalijua.

"Sikuombi upendeleo, Caz," Lonnie akasema. "Tusomee tu ulichoandika."

Babu akafungua daftari. Miwani ilikuwa imeteleza hadi kwenye ncha ya pua. "Pettway," akasoma. "Mikono bora kuliko yote niliyoiona tangu nianze kuandika. Haogopi kugongwa. Akikosea, hunyoosha shingo, anaomba mpira tena."

Ukumbi ukalipuka. Rudy mwenyewe akapiga makofi. Lonnie akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Babu akafunga daftari, akaenda ubaoni, akatundika kibati chake chini ya yule wa Iowa.

Simu ikaanza kulia. Ililia mara nne kabla Dolores hajaipokea, na akawatajia redio jina la yule wa Iowa polepole, kama mtu anayelazimishwa kusema anapoishi. Lonnie akaenda ubaoni, akaondoa kibati chake, akakitia mfukoni.

"Siku ile ghalani nilikiona kibati chako, Caz," alisema. "Na leo nimekiona."

Akatoka. Ndipo nikauliza swali langu pale nje, na babu akanifunga mkanda kama mtoto wa miaka mitatu.

Saa mbili na robo timu yetu ilichagua mtu ambaye hata ubaoni kwetu hakuwepo. Tavaris alichukuliwa kesho yake na timu ya Arizona, huko jangwani, mwisho kabisa wa nchi. Lonnie hakukanyaga kituoni tena. Krismasi ile bibi alimpelekea mke wa Lonnie piroge, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kama kila mwaka. Sahani ikarudi imeoshwa, haina kitu ndani. Bibi aliigeuza mara mbili, kana kwamba kitu kingeanguka. Babu aliendelea kuandika madaftari, lakini kila Aprili kibati chake kilibaki mfukoni.

Mwaka huu, Januari, Tavaris aliangusha mpira sekunde ya mwisho ya mchezo wa mtoano. Ulimgonga kifuani ukadondoka. Sisi tulikuwa tunatazama kituoni. Uwanja mzima kule jangwani ukamzomea, na kamera ikamganda usoni. Alinyoosha shingo.

"Mwacheni mtoto wa watu!" Dolores akaifokea televisheni. "Washenzi nyie!"

Babu alisimama, akavaa koti, akatoka. Nilimfuata. Alitembea mpaka kwa Lonnie, akachukua sepetu iliyoegemezwa ukutani, akaanza kuondoa theluji mbele ya gereji. Hakugonga mlango. Lonnie alisimama dirishani muda wote, mikono mifukoni, na babu hakuinua kichwa mpaka lami ikaonekana.

Aprili, tukiwa tumeshaandika majina kwa chaki, mlango wa ukumbi ukafunguka na Lonnie akaingia. Aliweka kibati chake mezani mbele ya babu. Hakukitundika.

"Huyu mjukuu wako alikuuliza swali pale nje," akasema. "Mimi nilikuwa ndani ya gari langu, dirisha wazi. Nangoja jibu mwaka wa sita sasa. Muulize tena, Halina."

Nikauliza. "Babu, mbona hukumtundikia Tavaris?"

Babu alikizungusha kile kibati kwa kidole.

"Unamkumbuka Denny Malek," akamwambia Lonnie. "Kijana wa kwanza wa mji huu kuchukuliwa na timu ya nyumbani. Tulipiga honi mji mzima. Mwaka wa pili akaangusha mpira kwenye theluji, tukafungwa. Nilisimama nikamzomea mpaka sauti ikaisha. Nilimtukana, Lonnie. Na mama yake alikuwa amekaa safu mbili mbele yangu. Hakugeuka. Jumatatu, kazini, nikampelekea mama huyo barua za matusi walizoandika watu, bahasha kwa bahasha, hazina jina la aliyetuma. Akanifungulia mlango, akazipokea, akaniambia, asante Caz. Sikuogopa kwamba mwanao ataangusha mpira, ndugu yangu. Kila mtu huangusha. Niliogopa kwamba akichezea hapa nyumbani, siku hiyo mimi nitakuwa nimekaa nyuma ya mkeo, nikimzomea."