Mazabodi Iliyonunuliwa kwa Ajili ya Sanduku

Vipimo nilivyompa baba kwa simu vilikuwa sentimita thelathini na nusu kwa thelathini na tatu, na vilikuwa vipimo vya tamaa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja hapa Kasulu. Mwaka huo nilikuwa nimeamua kujenga seva nyumbani kwangu, kompyuta ya kukaa sebuleni ikiwaka usiku na mchana, itunze picha na sauti za ukoo wetu zilizotapakaa kwenye simu za watu, na wanafunzi wa mtaani waje kibarazani kuchukua masomo bila kununua bando. Nilianza kama wanavyoanza wajenzi wote wapya. Nilichagua kikubwa kwanza, sababu nikaziacha nizitafute baadaye.

Kila kitu kilitegemea mazabodi, ule ubao mkuu ambao viungo vingine vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Mazabodi ya seva si kama hii ya kompyuta ya kawaida. Inakubali kumbukumbu inayokagua yenyewe kila tarakimu inayopita, na ikikuta kosa inalisahihisha kabla halijahifadhiwa. Tena ina tundu lake la waya la kukuwezesha kuiwasha na kuikagua ukiwa chumba kingine au mji mwingine. Mtu aliyeshinda miaka kumi na mmoja akisahihisha madaftari, ukimwambia kuna kifaa kinachojisahihisha, umemmaliza. Walimu wenzangu walikuwa wakitazama picha za viwanja wakati wa chai, mimi natazama mazabodi.

Muuzaji wangu alikuwa Kariakoo, mtu ninayemjua kwa sauti tu, mpole na mwenye subira ya kuuza vitu vigumu. Ananunua mashine zilizostaafishwa na maofisi, anazifungua na kuuza kiungo kimoja kimoja. Alikuwa na mazabodi mbili za kunifaa. Ya kwanza ilikuwa dubwana la prosesa mbili na matundu kumi na sita ya kumbukumbu, na ndiyo hiyo ya thelathini na nusu kwa thelathini na tatu. Ya pili ilikuwa na sentimita kumi na saba kila upande, prosesa moja isiyo na makuu, matundu manne tu. Sikuitazama mara mbili. Nilisema dubwana ndilo langu.

Sasa nieleze habari za baba. Baba ni fundi wa mizinga ya nyuki kule Kibondo. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na kwa zaidi ya miaka thelathini amechonga mizinga ya mbao ambayo leo utaikuta mpaka Muyama, juu ya miti ya watu asiowajua. Mwanzoni mwa mwaka huo kiharusi kilimpata. Kilimwachia ulimi na miguu, kikamchukua mkono wa kulia, si wote, lakini sehemu ile ya kufanyia kazi. Alirudi kutoka hospitali akakaa kwenye kiti cha barazani na hakuinuka tena kwa jambo lolote la maana. Nikipiga simu alikuwa akijibu "ego, ego", ndiyo ya kwetu, mpaka salamu zinaisha, kisha anampa mama simu. Mimi niliyezoea kugombana naye kwa simu nusu saa nzima nilikuwa nikikata na kubaki nimeikodolea macho.

Siku moja, kwa kukosa la kusema, nikamweleza habari za seva. Nikamwambia nimekosa hata sanduku la kuiweka, maana masanduku ya bati ya ukubwa ule ni mazito na hayapatikani huku kwetu. Nikadhani ameshampa mama simu.

"Sanduku la kuweka nini humo ndani?" akauliza.

Nilimweleza. Akauliza kama kitu hicho kinapata joto, nikasema sana. Akauliza kama kinahitaji kupumua chini au juu, nikasema kote. Kisha akasema, "Nipe vipimo." Nikampa vya dubwana, na mahali pa skrubu zake tisa, nikakata simu, nikalia jikoni mbele ya sufuria ya maharage.

Wiki ile ile nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo. Umeme wetu wa Kasulu unajulikana, una siku zake na una hasira zake, kwa hiyo seva yangu ilikuwa itegemee betri na paneli ya sola iliyo juu ya bati. Niliandika wati za dubwana upande mmoja, za ile ndogo upande wa pili. Dubwana lingemaliza betri zangu kabla sijamaliza kuosha vyombo vya jioni. Ile ndogo ingekesha hadi asubuhi na bado ingebakiza. Kumbukumbu inayojisahihisha ilikuwa nayo, tundu la kuiwashia kwa mbali ilikuwa nalo, na kwa picha za ukoo na masomo ya wanafunzi ilitosha na kuzidi. Hakukuwa na mjadala. Nilimpigia muuzaji nikamwambia anitumie ndogo, na nikajiona mtu mwenye busara.

Busara hiyo ilidumu siku mbili. Mama akapiga, sauti ya chini kabisa, ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Baba yako ameingia karakanani," akasema. "Ameshika msumeno kwa mkono wa kushoto. Usimwambie kama nimekwambia, atakasirika."

"Anaweza?"

"Anakata ubao mmoja siku nzima. Lakini amekula, ameomba nyongeza. Hilo sanduku lako, mwananje, mwanangu, liache hivyo hivyo lilivyo. Usije ukalibadilisha."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ningempigia mzee wa watu, anayekata ubao mmoja siku nzima, nimwambie kata upya, mwanao amekosea hesabu? Nilimwambia muuzaji asitume kitu kwanza, nikasubiri wiki tatu, nikisikiliza taarifa za siri za mama: mbao za pembeni zimekwisha, matundu ya hewa yametobolewa, sasa anapiga msasa. Ilipofika kwamba anapaka nta, nilimpigia muuzaji.

"Ile ndogo usinitumie. Nitumie kubwa."

"Mwalimu, si ulisema itakumalizia betri?"

"Nilisema."

"Samahani nikuulize," akasema kwa upole wake. "Unanunua mazabodi kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya sanduku?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya sanduku. Nikamweleza na sababu. Akasema ataifunga vizuri.

Likizo ya Juni nilipanda basi la Kibondo na dubwana langu mapajani, limefungwa kwenye blanketi la mtoto. Vumbi la Makere lote liliniingia, la Nduta pia, lakini blanketi sikulifungua. Mama alinipokea kwa mikono miwili. Baba alikuwa karakanani, amesimama kando ya meza, na sanduku lipo juu ya meza limefunikwa kwa kanga kama bibi harusi.

"Mwiriwe, baba."

"Ego. Lifunue uone."

Lilikuwa la mninga, jekundu, linanukia nta. Safu za matundu pembeni zilikuwa zimenyooka isipokuwa mbili zilizolewa kidogo. Mfuniko ulikuwa unateleza kama wa mizinga yake. Nilianza kusifu hapo hapo, nikasifu mbao, nikasifu matundu, nikasifu mpaka mama akaanza kunisaidia kusifu. Baba alikuwa akitazama mikono yangu, si uso wangu.

Nilipoiingiza mazabodi nikajua. Kona moja haikulala. Sanduku lilikuwa limesukumika upande, halionekani kwa macho lakini ubao wa mstatili hauongopewi, ukaegemea ukuta na kugoma. Niliusukuma taratibu, nikafunga skrubu nane zilizokubali, na ile ya tisa ambayo tundu lake lilikuwa limehama nikaitia mfukoni huku nikisema, "Imeenea kama ilizaliwa humu." Darasani sijawahi kumpa mwanafunzi alama ya huruma. Wazazi wao wamekuja kunililia, sijatoa. Lakini pale nilitoa zote mia.

Nikaunganisha viungo vingine nilivyobeba mkobani, tukawasha. Feni za prosesa mbili ziliamka kwa kishindo kilichofukuza kuku waliokuwa mlangoni. Mama akaenda kuchungulia mita ya umeme, akarudi bila kusema kitu, na kwa mama kutosema kitu ni taarifa kamili. Baba aliweka kiganja cha kushoto juu ya mfuniko.

"Kelele hii ni ya kawaida?"

"Ndivyo zilivyo, baba."

"Na joto hili?"

"La kawaida."

Simu yangu ikaita. Mikono yangu ilikuwa imeshika nyaya, mama akaipokea na kwa kuwa masikio yake yana shida huiweka sauti ya juu siku zote. Karakana nzima ikamsikia muuzaji.

"Mwalimu, imewaka? Nilitaka tu kukwambia ile ndogo uliyoichagua bado nimekuwekea. Sanduku la mzee ukishalijaza akafurahi, baadaye nirudishie hilo dubwana nikubadilishie. Wala usijali."

Mama alibonyeza kila kitufe isipokuwa cha kukata. Mimi nikachomoa waya wa umeme, feni zikafa. Baba alivuta kigoda akakaa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kuna ndogo," akasema.

"Ipo, baba."

"Ndiyo inayokufaa."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujaanza kukata."

Akatikisa kichwa polepole. Nikaanza kujieleza, kwamba sikutaka kumkatisha tamaa, kwamba mama alisema anakula vizuri. Mama aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwepo.

"Skrubu iko wapi?" baba akauliza.

"Skrubu ipi?"

"Umefunga nane. Vijiguu vya skrubu nilivyopachika humo ni tisa."

Nikaitoa mfukoni nikaiweka mezani mbele yake. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, mama wa watoto wawili, na nilitamani sakafu inimeze.

"Tangu nirudi hospitali," akasema, "watu wananipongeza. Nikivaa kiatu, hongera mzee. Nikishika kijiko, hongera. Padri amenipongeza kwa kukaa kwenye benchi. Wateja wangu zamani, kabla ya kulipa, nilikuwa nawapa kamba wapime wenyewe kutoka kona hadi kona, huku na huku. Vipimo vikipishana, mzinga unabaki kwangu. Wapo waliousukuma kwa mguu wakaniambia fundi, huu umepinda. Nilikuwa nakasirika, lakini nalala nikijua mimi ni fundi. Sasa nimetoa sanduku limepinda kona, nimeliweka mezani siku nne. Mama yako amelisifu. Jirani amelisifu. Nikasema huyu wa hisabati akija ataliona." Alinitazama. "Mwananje, mtu ukisifiwa kazi mbovu ujue wameshakuzika, wamebakiza udongo tu."

Nilikuwa nimedhani kwa miezi ile yote kwamba ninambeba, kumbe nilikuwa nimeshika koleo pamoja na wengine. Nampenda baba yangu kuliko ninavyoweza kumweleza mtu, na mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyonifanya nimdanganye kwa uso mkavu juu ya sanduku lililopinda.

Akaingiza mkono wa kushoto mfukoni, akatoa kamba ya katani iliyong'aa kwa kushikwa, akanirushia. Sikuidaka. Niliiokota, nikaitoa mazabodi ndani ya sanduku, nikapima kutoka kona hadi kona, nikafinya alama kwa kucha. Nikapima ulalo wa pili. Nikachukua rula yangu kwenye mkoba nikasoma tofauti, na nikasoma tena.

"Milimita tisa," nikasema.

Uso wa baba ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu kabla ya ugonjwa.

"Mimi nilipata nane."

"Ni tisa, baba. Na hizi safu mbili za matundu zimelewa. Na mfuniko unakwama mwishoni, umeupaka nta ili isionekane."

"Ego," akasema. "Huo mfuniko nilidhani hutauona."

Alijishika kwenye meza akainuka, akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto na kuanza kulibomoa sanduku, ubao kwa ubao, akiitoa misumari kwa utulivu na kuinyoosha juu ya jiwe. Nilimpigia muuzaji nikamwambia anitumie ile ndogo, na safari hii hakuniuliza swali. Nilipokata simu nikamwona baba amegeuza ubao wa kwanza na kuuelekeza kwangu niushike upande wa pili, penseli iko nyuma ya sikio.

"Haya, vipimo," akasema. "Lakini kwanza niambie umeamua."

"Nimeamua. Kumi na saba kwa kumi na saba."

"Utasimama nami kila kona, na ikipinda utasema."

Nikamwambia nitasema, na jioni ile nilisema mara tatu.