Fasi ya Nne Iko na Mwenyewe

Ukitaka kujua gari ya kulala ikae wapi, usimuulize mwenye gari. Mwenye gari anatazama ziwa tu. Akiona maji yanameta, basi, akili imekwisha. Muulize Nsimire. Mama huyo wa mtaa wa Gasenyi, mzaliwa wa upande wa Bukavu, mwaka wa kumi na mbili huu anawachagulia wageni fasi, yaani mahali pa kuweka gari, kwenye kiwanja cha serikali pale ufukweni, kaskazini mwa mji. Hakuna mgeni wake aliyeamka tairi zimezama matopeni, wala aliyefungua mlango asubuhi akakutana na kiboko uso kwa uso.

Alikuwa na njia yake. Anaweka beseni la maji chini, anachuchumaa, anatazama. Maji yakilala sawa na ukingo wa beseni, gari nayo italala sawa, na sufuria ya anayepika ndani haitateleza. Anapiga udongo kwa kisigino kusikia kama ni mgumu. Anatazama juu kama kuna tawi bovu. Anatafuta njia ya kiboko kwenye majani, maana kiboko akishazoea njia yake, haiachi hata ukimwekea gari katikati. Namba za fasi zilipakwa rangi nyeupe juu ya mawe, moja mpaka kumi. Maandishi mengine hayakumhusu. Hizo kumi alizijua hata kwa kupapasa.

Halafu, mwisho wa yote, alipiga hodi.

Hiyo alifundishwa na mzee Bahizire, mlinzi aliyemtangulia. Bahizire alimwambia kwamba pale palikuwa na nyumba za watu zamani, ziwa likazichukua, na kila fasi inaombwa kwanza. Hodi mara tatu. Kukiwa kimya, fasi ni tupu, weka mgeni. Ukijibiwa, kuna mtu kwake, tafuta kwingine. Nsimire alicheka, lakini aliifuata, kwa kuwa kazi aliipokea nzima na hakutaka aambiwe ameipunguza. Miaka ikapita bila jibu lolote.

Kisha ukaja ule mwaka ziwa lilipopanda mpaka barabarani. Bahizire alikuwa na kibanda chake kwenye fasi ya nne, na alikataa kutoka. Maji yaliporudi, ulionekana mlango wa kibanda, sahani yake ya bati na kiatu kimoja. Yeye hakuonekana. Mwezi uliofuata Nsimire alikwenda pale na beseni lake, mchana jua likiwaka, akapiga hodi kama alivyofundishwa.

"Karibu," sauti ikasema. Na nyuma yake kikohozi kidogo, kile cha mtu wa tumbaku.

Nsimire alichukua beseni akaondoka polepole, maana kukimbia angeona haya. Tangu hapo, mgeni akiomba fasi ya nne, jibu lilikuwa moja: iko na mwenyewe. Na kila alipokwenda kujaribu tena, ilikuwa vilevile: "Karibu," kisha kikohozi.

Sasa kiwanja kikapata mkuu mpya, au shefu kama walivyomwita, Armel, kijana wa ofisi kutoka Rohero, katikati ya mji, mwenye karatasi kubwa iliyochorwa fasi zote kama vyumba. Aliuliza huyo mwenye fasi ya nne ni nani, na ana hati gani. Nsimire akamjibu kwamba hana haja ya hati. Armel akadhani mama anawawekea ndugu zake. Akasema kuanzia siku hiyo mgeni atachagua mwenyewe, na mgeni mmoja tu akiondolewa fasi aliyochagua kwa maneno ya hodi, ufunguo wa geti utarudi ofisini. Ufunguo huo Nsimire aliuvaa shingoni kwa kamba, alioga nao. Bila ule ufunguo angekuwa mwanamke mzee kama wengine, wa kukaa uani kwa binti yake na kuambiwa apumzike. Kupumzika hakutaka.

Ijumaa moja, saa tisa za mchana, ikaingia gari nyeupe ndefu yenye dirisha la pazia. Ndani walikuwa Moosa na mkewe Dalia. Moosa alizaliwa hapahapa, kwenye ukoo wa Waarabu wenye maduka, akakulia Oman. Sasa wamekuja na gari yao kutoka Dar es Salaam. Jamaa zake waliwaandalia kitanda, lakini Moosa alisema amesafiri siku sita ili alale karibu na ziwa la utoto wake, si kwenye chumba cha wageni. Akashuka, akatembea moja kwa moja mpaka jiwe la nne.

"Hapa," akasema.

"Hapo pana mutu," Nsimire akamwambia.

Moosa akageuka huku na huku. "Bibi, mimi naona mchanga tu. Huyo mtu ni mwembamba namna gani?"

Armel akacheka. Akasema haya, mama apige hodi yake mbele ya wote, tusikie. Nsimire akapandwa na hasira. Akaweka beseni. Ziwa siku hiyo lilikuwa jeupe na kimya. Hakukuwa na upepo, na viboko, ambao hawaachi kunguruma, walikuwa hawajasikika siku tatu.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi. Hodi."

Kimya kitupu. Hata kikohozi hakuna.

Mwingine angesingizia uziwi wa masikio. Nsimire hakuwa wa hivyo. Sheria aliisema mwenyewe, na sheria ilisema kukiwa kimya fasi ni tupu. Akainua beseni, akasema wapange gari yao, na akapita mbele ya Armel bila kumtazama. Nyuma yake akasikia tairi zikipanda mchanga, na Moosa akimwambia mkewe kwamba yule mpangaji bila shaka amekwenda sokoni.

Neno hilo la mzaha lilimshika. Maana kweli, kama hayuko kwake, yuko wapi?

Alikuwa akipita jiwe la tisa, kule juu, hatua chache kutoka geti. Pale hapakuwahi kuwa na jibu hata siku moja. Akasimama. Akaweka beseni chini, akatazama: udongo wa pale ulikuwa sawa, yeye mwenyewe aliusawazisha, lakini maji yalitetemeka duara kwa duara, kama mtu anatembea chini yake. Akapiga hodi kwa sauti ndogo.

"Karibu," ikasema. Na kikohozi.

Akainua beseni, akashuka tena kwenye gari nyeupe. Akawaambia watoke, wavuke barabara, walale uani kwa Khadidja mwenye mgahawa. Armel akauliza sasa kuna nini tena.

"Bahizire amehama. Maji ya mwaka ule yalimukuta pale pale, akakataa kutoka. Leo ametoka. Amepanda juu."

"Mama Nsimire," Armel akasema, "unajua tulivyopatana."

Alijua. Alivuta kamba kichwani, ikakwama kwenye kilemba, akaivuta tena, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Armel. Shingo ikabaki na alama nyeupe.

"Chukua. Mi sikupiga hodi kwa ajili ya ufunguo."

Moosa alikuwa bado anatabasamu, lakini Dalia alikuwa amemtazama yule mama akivua kamba. Akauliza ni wapi hasa. Nsimire akampeleka jiwe la tisa, Moosa akiita kutoka nyuma kwamba wasichelewe, maji ya chai yamechemka. Dalia akajitanda mtandio wake vizuri, kama mtu aliye mlangoni kwa wakubwa, akapiga hodi.

"Karibuni," sauti ikasema. Alikuwa amewaona kuwa ni wawili.

Dalia ni mtoto wa nyumba yenye adabu. Ukikaribishwa, unaingia. Kabla hata ya kuogopa, alikwisha vua kandambili na mguu mmoja umevuka jiwe. Nsimire akamshika kifundo cha mkono akamvuta kwa nguvu zote.

"Apana, mwanangu. Hapa ukikaribishwa, hauingie."

Kandambili zilibaki palepale. Dalia alirudi kwenye gari peku, akafunga meza, akafunga dirisha, akakaa mbele na kumwambia mumewe maneno mawili tu: washa gari. Moosa akatazama uso wake, akawasha, wakavuka barabara kwenda kwa Khadidja. Maji ya chai yalimwagika njiani.

Upepo ulianza kabla ya magharibi, kutoka kusini, na mvua ya milimani ikaujaza mto Rusizi mpaka ukavunja kingo.

Asubuhi Nsimire alitoka Gasenyi kwa miguu, mahali pengine akipita maji ya magoti. Armel alikuwa amesimama getini, suruali imekunjwa, karatasi yake imelowa mkononi. Pale kwenye fasi ya nne palikuwa ziwa tu, na miti imeng'olewa na mizizi yake. Maji yalikuwa yamesimama kwenye jiwe la tisa. Kandambili za Dalia hazikuwepo. Armel alichomoa ufunguo kwenye mnyororo wa ofisi akampa kwa mikono miwili.

Nsimire aliuvaa. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akashuka mpaka jiwe la tisa, miguu ndani ya maji, akapiga hodi mara tatu. Kimya.

Hakufurahi. Alisimama kidogo akihesabu: nne kimya, tisa kimya, na kila alipohama mzee, maji yalimfuata. Akageuka, akatazama juu. Juu kulibaki nyumba moja tu, kile chumba cha mlinzi getini, chumba chake cha mchana, mlimokuwa na mkeka wake, ufagio na vikombe viwili. Akapanda polepole, Armel nyuma yake. Mlango ulikuwa na kufuli, kama alivyouacha jana. Hakuligusa kufuli. Akagonga ubao kwa kidole.

"Hodi."

"Karibuni," ikasema kutoka ndani, na kikohozi, na kikombe kikagusa kikombe.

Armel alirudi hatua mbili. Nsimire akaondoa mkono kwenye ubao. Mkeka ulikuwa mpya, aliununua Pasaka. Basi, akauacha. Akainama akachukua beseni lake lililokuwa nje, akalimwaga, akaliweka kichwani.

"Shefu," akasema, "toa kalamu. Geti tunalihamisha ng'ambo ya barabara, leo. Na hapa uandike: iko na mwenyewe."