Telefone Yangu Ilikaa na Mgonjwa

Aibu bado ninayo, lakini mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nilishajicheka peke yangu hadi nikachoka. Wakati wa Korona mimi ndiye niliyehamasisha watu wa Lumumba, mtaa wetu hapa Bunia, waweke kwenye telefone ile aplikasyo ya kumwambia mtu kama alikaa karibu na mgonjwa (watu wa afya walinipa kofia na fulana, basi nikajiona nusu daktari). Watu walikataa. Mama Dorika, jirani yangu aliyekimbia vita huko Djugu, aliniambia waziwazi, "Kitu yenye inajua niko nalala wapi, miye siitaki. Watu walishatutafuta ya kutosha."

Jumamosi moja umeme ulikosekana, telefone yangu ikakaribia kuzimika, nikaipeleka kwenye kibanda cha kuchajia pale sokoni, nikaiacha huku inawaka (eti wakubwa wa kazi wasinikose), nikaenda kuuza sombe yangu, majani ya muhogo, hadi jioni. Uamuzi mdogo tu.

Kesho yake kanisani mchungaji akanipa nafasi ya matangazo. Nimesimama mbele, kofia kichwani, naeleza, mara telefone ikalia, mlio wa aplikasyo yenyewe! Nikafurahi kama mtu aliyeletewa shahidi. "Munasikia? Ni yenyewe hiyo, acha niwasomee." Nikasoma kwa sauti, kwenye mikro, bila kutanguliza macho: "Jana ulikaa karibu na mtu mwenye Korona kwa masaa sita."

Mabenchi yakaanza kuanguka. Waimbaji walikimbilia nje kwa mlango wa nyuma, mchungaji akapita dirishani (ndiyo, dirishani, na suti yake), nikabaki na mikro mkononi, na mume wangu peke yake katikati ya mabenchi, ananitazama.

"Weye, jana uliniambia uko kwa soko. Masaa sita na nani?"

"Baba Neema, naapa, nilikuwa na sombe tu!" nikalia, na mikro ilikuwa ingali inawaka, wakanisikia mpaka barabarani.

Mchana muuguzi alikuja kunipima, akauliza nilikuwa wapi, kisha akauliza telefone ilikuwa wapi. Hapo ndipo nilipokumbuka kibanda. Akacheka mpaka akashika ukuta: telefone yangu ilishinda kando ya telefone ya mgonjwa, nayo ikichajiwa pale pale, mimi mwenyewe sikumwona hata kisogo. Hata hivyo akanifungia nyumbani mpaka majibu yatoke, na siku zile majirani waliniwekea chakula mlangoni, Mama Dorika akaleta samaki. Majibu yakatoka: sina kitu.

Jumapili iliyofuata ningeweza kunyamaza. Nilisimama nikasema yote, watu wakacheka mpaka mchungaji naye akashindwa kujizuia, halafu Mama Dorika akainua mkono.

"Kumbe hiyo kitu haijue sura ya mutu? Inajua tu telefone na telefone?"

"Ndiyo, mama."

"Na haijue mwenye telefone iko wapi?"

"Ingejua, mama, ningeaibika vile?"

Akafikiri kidogo, akatoa telefone yake kwenye kitenge. "Basi niwekee."

Wiki ile niliwawekea watu wengi kuliko miezi yote ya kofia na fulana. Tangu hapo ujumbe wowote nausoma kwanza kimoyomoyo, na telefone naizima kabla sijaiacha mahali. Mume wangu anasema hiyo haitoshi: siku hizi anaipeleka mwenyewe kuchajiwa, na anakaa pembeni yake mpaka ijae.